Programu Ikigoma Kupakuliwa, Usikimbilie Kufuta Simu

Kwa fundi simu, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, lalamiko hili ni la kila siku: simu haitaki kupakua programu. Mwenyewe amebonyeza kitufe, kiduara kimezunguka, maneno ya kusubiri yametokea, na nusu saa baadaye bado yapo. Ameizima na kuiwasha. Ametoa laini akairudisha. Kisha hutokea mtu mwenye uhakika wake, mara nyingi ndugu au jirani, akamwambia dawa ni moja tu: irudishe simu katika hali ya kiwandani, ianze upya. Ushauri huo ndio unaonifanya niandike makala hii. Watu wanapoteza picha za wazazi waliokwisha kufariki, namba za wateja, na wakati mwingine simu yenyewe, kwa kutibu tatizo ambalo lingeisha kwa dakika tano bila kufuta kitu chochote.

Kupakua programu huonekana kuwa tendo moja kwa kuwa kitufe ni kimoja, lakini nyuma yake kuna mlolongo wa kazi. Duka la programu huangalia kwanza akaunti inayotumika ni ya nani na ni ya nchi gani. Hutazama aina ya simu, toleo la mfumo wake na prosesa yake, likachagua vipande vya programu vinavyoifaa. Mtandao huvileta vipande hivyo. Simu huvitafutia nafasi, hukagua sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza programu, na hapo ndipo huisakinisha. Kila hatua yaweza kukwama, na kila moja ikikwama huacha dalili yake.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, tazama imekwamia wapi. Je, programu haionekani kabisa dukani, au unaambiwa haifanyi kazi kwenye kifaa chako? Je, ni maneno ya kusubiri tu, asilimia haijaanza hata moja? Je, asilimia zinapanda kisha zinasimama katikati? Au imefika mwisho kabisa ndipo ikasema imeshindikana? Dalili hizi nne zina vyanzo tofauti, na dawa ya moja haiisaidii nyingine. Nitazungumzia zaidi simu za Android na duka la Google Play, kwa kuwa ndizo zilizo mikononi mwa watu wengi wa kwetu. iPhone nitaigusa mbele kwa ufupi.

Tuanze na ile ya kusubiri, kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo inayowafikisha wengi kwa fundi bila sababu. Play Store hupanga programu foleni. Simu iliyokaa wiki nzima bila Wi-Fi, siku ikiipata ofisini au hotelini huanza kusasisha kila kilichomo ndani yake, na programu uliyoiomba wewe hujikuta nyuma ya masasisho hayo yote. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako pale juu, ingia sehemu ya kudhibiti programu na kifaa, usitishe masasisho yanayoendelea. Kisha rudi ukabonyeze ile unayoitaka. Mara nyingi huanza kushuka papo hapo.

Ikiwa foleni ni tupu na bado inasubiri, ingia kwenye mipangilio ya Play Store, sehemu ya mtandao, uone kama imeamriwa kupakua kwa Wi-Fi pekee. Aliyekuuzia simu au aliyekusaidia kuokoa bando huenda ndiye aliyeiweka hivyo. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine hulipita. Ukiunganishwa kwa hotispoti ya simu ya mwenzako, alama ya Wi-Fi inaonekana, lakini simu ya Android inayogawa intaneti huiarifu simu yako kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Play Store iliyoagizwa iokoe data huweza kusita, nawe unabaki unashangaa mbona Wi-Fi ipo. Ruhusu upakuaji kwa mtandao wowote, au ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo uiambie simu isiuhesabu mtandao huo kuwa wa kulipia kwa kipimo. Ukiwa hapohapo, zima kiokoa data, na kama una VPN izime mpaka programu ishuke.

Kuna chanzo kingine ambacho ni cha kwetu kabisa: bando la mitandao ya kijamii. Kampuni za simu za Afrika Mashariki huuza vifurushi vya WhatsApp na Facebook peke yake, kwa bei nafuu. Mwenye kifurushi hicho anatuma picha, anapokea sauti, anapiga hata simu ya video, kwa hiyo anaapa kwamba intaneti anayo. Anayo kweli, ila ni ya kuelekea huko tu. Google Play haimo, na ukurasa wake unabaki mweupe au unazunguka bila kikomo. Kipimo ni rahisi: fungua kivinjari, tafuta ukurasa wowote wa habari ambao hujawahi kuufungua. Usipofunguka wakati WhatsApp inafanya kazi, simu yako ni nzima. Angalia salio la bando la kawaida.

Na zipo siku ambazo kosa haliko kwako wala kwa kampuni yako ya simu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Msumbiji, Malawi na kwingineko. Siku kama hiyo vitu vidogo hupita kwa kusuasua, ujumbe wa maneno unafika, lakini faili la MB 80 hukatika njiani mara kwa mara. Kabla ya kuilaumu simu, waulize wawili watatu wenye mitandao tofauti kama kwao kunapita. Kama hakupiti, subiri.

Tarehe na saa ya simu nayo ni ya kukaguliwa mapema, hasa kwa simu zenye betri ya kutolewa. Betri ikiisha kabisa au ikichomolewa, baadhi ya simu huwaka zikiwa na tarehe ya miaka mingi nyuma. Mwenyewe haoni shida, kwa kuwa saa anaitazama ukutani. Lakini kila simu inapozungumza na Google Play, upande wa pili hutoa cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tangu Septemba 2020 vyeti vya namna hiyo havitolewi kwa muda unaozidi siku 398. Simu inayoamini kwamba leo ni Januari 2015 hukitazama cheti hicho, ikaona muda wake haujaanza, ikakata mawasiliano. Inafanya kazi yake ya kukulinda. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe kutoka kwenye mtandao, uhakikishe pia ukanda wa saa ni wa mahali ulipo. Nimeshaona watu wakilipia matengenezo ya jambo hili peke yake, na inaniuma kila ninapolikumbuka.

Sasa tuje kwenye nafasi, ambako sehemu kubwa ya matatizo haya hulala.

Simu iliyoandikwa GB 16 haikupi GB 16. Mfumo wa Android na programu zilizokuja na simu huchukua sehemu kubwa, wakati mwingine karibu nusu, kabla hujapiga picha hata moja. Hata kinachobaki si chako chote. Mfumo hujitengea akiba ya mwisho, kwa kawaida isiyozidi MB 500, ili shughuli zake za ndani ziendelee, na ukifika kwenye mpaka huo hukataa kupokea programu mpya. Ndiyo maana mtu huona kwa macho yake kwamba zimebaki MB 450, programu anayoitaka ni MB 60, na bado anaambiwa nafasi haitoshi. Hesabu yake ni sahihi kwa namba zilizoandikwa, ila sehemu hiyo iliyobaki haikuwekwa kwa ajili yake.

Tena zile MB 60 zilizoandikwa dukani ni za kifurushi kilichobanwa. Kikishafika, hufunguliwa, na msimbo wake hutayarishwa kwa ajili ya prosesa ya simu yako. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 kazi hiyo hufanywa na sehemu ya mfumo iitwayo ART, na inachozalisha huhifadhiwa ndani ya simu hiyohiyo. Kama ni sasisho, toleo la zamani hubaki mahali pake mpaka jipya likamilike. Kwa hiyo programu ya MB 60 huweza kuhitaji nafasi mara mbili ya hiyo au zaidi wakati wa kusakinishwa, hata kama baadaye itatulia kwenye kiasi kidogo. Hapa ndipo panapotoka ile hali ya kufika asilimia 99 kisha kusimama. Upakuaji umekwisha, bando limeshatumika, kinachokwama ni kufungua na kupanga. Kubonyeza tena na tena hapo ni kulipia mzigo uleule mara ya pili. Simamisha, tafuta nafasi kwanza, ndipo uanze upya. Mimi huwashauri watu wasiruhusu simu ishuke chini ya GB 1 iliyo wazi.

Nafasi hiyo itatoka wapi? Katika simu nyingi za kwetu, iliko ni ndani ya WhatsApp. Kundi la kikao cha harusi, kundi la ukoo, kundi la wazazi wa darasa la mtoto, la kikoba, la kwaya: kila video inayorushwa humo huhifadhiwa kwenye simu ya kila mwanachama aliyeacha upakuaji wa moja kwa moja ukiwa wazi. Na video unayoituma mwenyewe kutoka kwenye kamera huacha nakala nyingine katika folda ya vilivyotumwa. Fungua mipangilio ya WhatsApp, uende sehemu ya hifadhi na data, kisha kudhibiti hifadhi. Utapangiwa mafaili yanayozidi MB 5, yale yaliyosambazwa mara nyingi, na kila kundi limechukua kiasi gani. Anza kufuta kutoka hapo, kundi kubwa kwanza. Zile jumbe za maneno ziache, hazichukui kitu. Ukimaliza, zima upakuaji wa moja kwa moja wa video. Hilo la mwisho wengi huliacha, na mwezi ujao wanarudi palepale.

Ukifuta picha na video kwenye programu ya picha, kumbuka kwamba hazijaondoka. Katika simu za miaka ya karibuni huhamia kwenye tupio na kukaa humo kwa siku 30 au zaidi, zikiendelea kushika nafasi ileile. Ingia kwenye tupio ulimwage, baada ya kuhakikisha hukufuta kwa bahati mbaya kitu unachokihitaji.

Memori kadi husaidia kwa picha, nyimbo na video, lakini isikudanganye kwamba itapokea programu. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta njia ya kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani, ila watengenezaji wengi wameifunga njia hiyo kwenye simu zao. Unachoweza kufanya ni kuhamishia mafaili kwenye kadi ili ndani pabaki wazi. Play Store yenyewe, tangu 2023, ina uwezo wa kuhifadhi kwa kubana programu usizozitumia: inaziondolea sehemu zake nyingi, na kuokoa hadi karibu asilimia 60 ya nafasi zilizokuwa zikiishika, huku ikoni na taarifa zako zikibaki. Uwashe. Lakini zile programu zinazojitangaza kwamba zitasafisha simu na kuipa kasi, ziache huko ziliko. Zinachukua nafasi, zinamwaga matangazo, na hakuna zinachofanya ambacho mipangilio ya simu yako haiwezi kukifanya bure.

Nafasi ikiwepo, mtandao ukiwepo, saa ikiwa sawa, na bado upakuaji umegoma, ndipo sasa uliguse duka lenyewe. Fungua mipangilio ya simu, orodha ya programu, tafuta Google Play Store, ingia kwenye hifadhi yake, ufute akiba. Jaribu. Ikishindikana, futa na data yake. Programu ulizonazo hazitaguswa, maana unachokifuta ni kumbukumbu za duka tu. Huduma za Google Play ufute akiba yake pekee. Hatua inayofuata ni kuondoa masasisho ya Play Store ili irudi kwenye toleo iliyokuja nalo, kisha ijisasishe yenyewe. Lakini shika hili vizuri: kitufe hichohicho cha kufuta data kipo kwa kila programu, na ukikibonyeza kwenye WhatsApp kitafuta mazungumzo yako yaliyomo kwenye simu. Soma jina la programu pale juu kabla ya kidole kushuka.

Kuna hali ambapo hakuna cha kutengeneza, kwa kuwa jibu la duka ni "hapana" ya kweli. Mojawapo ni umri wa mfumo. Tangu tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp inahitaji Android 5.0 au zaidi, na mwaka huohuo Google iliacha kuzihudumia simu za Android 4.4 kwa huduma zake za Play. Simu ya namna hiyo hakuna fundi atakayeifanya ipakue kwa usalama. Hata hivyo huduma za fedha hazijakufungia mlango: M-Pesa ya Vodacom Tanzania bado inapatikana kwa *150*00#, na ya Safaricom kwa *334#, bila programu wala bando. Asikutishe mtu kununua simu mpya kwa ajili hiyo peke yake.

Nyingine ni nchi ya akaunti. Akaunti ya Google Play ina nchi yake, na watengenezaji wengi wa programu za benki na za fedha za simu huzitoa kwa nchi wanazofanyia kazi tu. Mtanzania aliyefungua akaunti akiwa Muscat, Omani, anaweza kuitafuta programu ya benki yake ya Dar es Salaam asiione hata kivuli. Kubadili nchi kunaruhusiwa mara moja tu kwa mwaka, na ni lazima uwe ndani ya nchi hiyo mpya na uwe na njia ya malipo ya huko, kwa hiyo asibadili kwa pupa. Kama ana akaunti ya zamani aliyoifungua nyumbani na ambayo nchi yake ni Tanzania, aiongeze kwenye simu ikae pamoja na ile ya Omani, kisha ndani ya Play Store ahamie kwayo. Simu ya Android hubeba akaunti zaidi ya moja bila shida.

Kuna pia programu zilizoondolewa. Tangu Januari 2023 Google hudai programu za mikopo zinazolenga Kenya zilete uthibitisho kwamba kampuni ina leseni ya Benki Kuu ya Kenya au imeiomba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kama programu ya mkopo uliyoizoea imetoweka dukani, usiitafute kwenye vichochoro vya intaneti. Waliokopeshwa na programu hizo kisha wakaona majina yao yakitangazwa kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha ya simu zao wanajua gharama yake. Na simu za Huawei zilizotoka tangu Mate 30 ya Septemba 2019 hazina huduma za Google kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Duka lake ni AppGallery, na usilione hilo kuwa kasoro ya simu uliyouziwa.

Simu bandia ni jambo jingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu mwishoni mwa Septemba 2012, lakini hazijaisha sokoni. Baadhi zimechezewa ili zionyeshe GB 128 wakati ndani zina GB 8. Simu hiyo itakuonyesha nafasi tele na kugoma kusakinisha, na utahangaika na kila ushauri ulioandikwa hapa bila mafanikio. Fungua Play Store, mipangilio, sehemu ya maelezo kuihusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa. Piga *#06# ulinganishe namba itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Zikitofautiana, kamwone aliyekuuzia ukiwa na risiti.

Watu wanaposhindwa na duka, hukimbilia faili la programu lililotumwa na rafiki kwa Xender au kwa WhatsApp. Zamani hilo lilifanya kazi vizuri zaidi. Tangu Agosti 2021 Google Play inadai kila programu mpya ipelekwe dukani katika muundo unaoliwezesha duka kuikata vipande: kipande cha lugha yako, cha kioo chako, cha prosesa yako. Programu iliyo kwenye simu ya rafiki ilikatwa kwa kipimo cha simu yake. Ukitumiwa kipande kikuu tu, simu yako itasema haikuweza kuisakinisha, au itaisakinisha kisha ijifunge kila unapoifungua. Na ukiambiwa inagongana na programu iliyopo, maana yake sahihi ya mtengenezaji hailingani na ya ile uliyonayo. Huo ni ulinzi, usiutafutie njia ya kuukwepa. Mwaka 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky iligundua programu hasidi iitwayo Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, moja ya zile WhatsApp zilizochakachuliwa ambazo vijana wetu wanazipenda kwa rangi na vipengele vyake. Kwa programu ya benki au ya fedha za simu sina maneno mawili: ipakue dukani, au usiwe nayo.

Kwa wenye iPhone, mambo ni machache. Faili linalozidi MB 200 huomba ruhusa kabla ya kutumia bando la simu, na tangu iOS 13 ya mwaka 2019 unaweza kubadili hilo kwenye mipangilio ya App Store. Akaunti yenye deni au kadi ya malipo iliyokataliwa huweza kuzuia hata programu ya bure, kwa hiyo kagua sehemu ya malipo. Simu ya zamani huenda ikapewa toleo la mwisho linaloifaa: kubali. Na programu iliyokwama, ishikilie ikoni yake, isimamishe, kisha iendeleze.

Nirudi sasa kwenye ule ushauri wa kufuta simu nzima, maana madhara yake yamefungamana na jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu simu zao. Ili Play Store ifanye kazi lazima simu iwe na akaunti ya Google. Kwa watu wengi, hasa wazee wetu na wanaonunua simu janja ya kwanza, akaunti hiyo ilifunguliwa dukani na muuzaji, kwa haraka, kwa jina alilolibuni na nenosiri alilolisahau jioni hiyohiyo. Simu inafanya kazi kwa miaka, mwenyewe hajui kama ana anwani ya barua pepe. Siku Google ikiomba athibitishe nenosiri, upakuaji unasimama. Hiyo peke yake ni sababu mojawapo ya programu kugoma, na hakuna kufuta akiba kutakakoiondoa.

Kisha fundi anaifuta simu kwa vitufe vya pembeni. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu zina kinga dhidi ya wezi: ikifutwa kwa njia hiyo, inapowaka huidai akaunti ileile iliyokuwamo, au namba ya siri ya kioo kwa baadhi ya simu. Kwa mwizi ni ukuta. Kwa bibi aliyefunguliwa akaunti na muuzaji, nao ni ukuta uleule, mbele ya simu aliyoinunua kwa fedha yake. Kuanzia hapo anaingia kwenye gharama za kuflashi na ujanja wa mitaani, na picha zimeshakwenda. Wakati huo bando la WhatsApp peke yake bado ni la WhatsApp peke yake, na GB 16 bado ni GB 16. Kuirudisha simu kiwandani kuna mahali pake, pale mfumo wenyewe umeharibika na programu zake za ndani zinajifunga zenyewe kila mara. Kwa programu moja iliyogoma kushuka, ni kosa.

Basi leo fungua mipangilio ya simu yako, gusa sehemu iliyoandikwa Google, usome anwani iliyopo. Kama unaitambua na nenosiri unalijua, hakikisha namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni yako ya sasa. Kama huitambui, usiiondoe kwanza. Huenda majina ya watu wako yamehifadhiwa humo, na nakala ya mazungumzo ya WhatsApp iliyopo Google Drive imefungwa kwenye akaunti hiyo. Fungua akaunti yako mwenyewe, iongeze kwenye simu, yatoe majina yote kama faili uyaingize kwenye akaunti mpya, uielekeze nakala ya WhatsApp huko, uichague hiyo mpya ndani ya Play Store. Ukishaona kila kitu kimehamia, ndipo uitoe ya zamani. Wafanyie hivyo na wazazi wako ukienda kuwatembelea. Nanyi wauza simu, mteja asipokuwa na akaunti msaidieni kuifungua, lakini mpeni simu aandike jina lake na nenosiri lake kwa mkono wake, na namba ya kurejeshea iwe ya laini yake.